Mpaka Ulio Katikati ya Maji

Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini, mbele ya viongozi wa mitaa, viongozi wa dini, wavuvi, manahodha na wanafunzi

Wazee wangu, shikamooni. Mashehe wetu, asalaam aleikum. Wachungaji na wapendwa, Bwana asifiwe. Wanangu wanafunzi, nimefurahi kuwaona wengi hivi siku ya Jumamosi. Na ninyi mlioacha nyavu zimeanikwa mkapanda bodaboda kuja hapa, asanteni sana, maana mada ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa nizungumze juu ya ushirikiano wa nchi jirani katika kupambana na ugaidi unaovuka mipaka. Nimefanya kazi za mpakani miaka 26: Manyovu, Kagunga, na hapa ziwani. Nimestaafu na jambo moja ninaloliamini kwa moyo wangu wote. Mikataba husainiwa Arusha, Nairobi na Addis Ababa, lakini uhai wake uko mwaloni, pale boti zinapotia nanga. Nahodha wa Kibirizi akiogopa kusema alichokiona, mkataba huo hata ukiwa na mihuri ya marais wanane haumkamati mtu.

Jana usiku nilikaa barazani. Hakukuwa na mwezi. Mnajua ziwa letu linavyokuwa usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka mgeni anadhani kuna mji juu ya maji. Ukiwa huku nchi kavu huwezi kusema taa ipi ni ya Mtanzania na ipi ni ya Mkongo. Asubuhi mvua ikikatika, milima ya Congo unaiona kwa macho. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na nchi nne zinalizunguka: sisi, Burundi, Congo na Zambia. Mpaka wetu na Congo uko humo katikati ya maji. Hauna jiwe, hauna bendera, hauna geti.

Na watu wa huku hawajawahi kuvuka kama wageni. Muha wa Heru na Mrundi wa Makamba wanasikilizana bila mkalimani. Wabembe wapo pande zote mbili. Familia nyingi za Ujiji asili yake ni Manyema, ng'ambo ya maji. Chumvi ya Uvinza inakwenda, vitenge vinakuja, harusi zinafungwa huku na huko. Kwa hiyo anayesema dawa ya ugaidi ni kufunga mpaka, huyo hajawahi kusimama Kibirizi boti la kwenda Baraka, Congo, linapopakia. Mpaka huu haufungiki. Ukiufunga kwa karatasi, watu watapita njia za panya, na huko gizani ndiko mhalifu anakotaka tumpeleke kila mtu, ili naye asionekane.

Kabla sijaendelea, nilisemee neno lenyewe, maana linatumika ovyo. Gaidi ni nani? Nchi yetu inalijua swali hili kwa uchungu. Wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Zimbabwe walifunzwa na kulelewa hapa Tanzania, Kongwa na kwingineko, na wakoloni waliwaita magaidi. Nelson Mandela aliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya watu wanaohusishwa na ugaidi mwaka 2008, akikaribia miaka 90, ameshakuwa rais na ameshastaafu. Ndiyo maana nchi za Afrika zilipotengeneza mkataba wao wa kuzuia ugaidi, uliopitishwa Algiers Julai 1999, ziliweka wazi kwamba mapambano ya watu kujikomboa kutoka kwenye ukoloni na utawala wa kigeni hayahesabiwi kuwa ugaidi. Mimi nakaa na maana nyepesi ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaielewa: gaidi ni yule anayewaua au kuwatisha kwa makusudi watu wasio na silaha ili watu wengine, au serikali, wafanye atakavyo. Kwa maana hiyo, mkimbizi si gaidi. Mwenye ndevu na kanzu fupi si gaidi. Mpinzani wa kisiasa anayesema maneno makali jukwaani si gaidi. Tukimpaka neno hili kila tusiyempenda, siku gaidi wa kweli akija tutakuwa tumeshalimaliza, na hakuna atakayetusikiliza.

Sasa twende kwenye mambo yenyewe.

Tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, magari mawili yaliyojaa mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, moja Nairobi, moja Dar es Salaam, yakipishana dakika chache tu. Dar walikufa watu 11. Nairobi zaidi ya 200, walio wengi kabisa Wakenya waliokuwa kazini mwao au wanapita barabarani. Waliojeruhiwa ni maelfu. Mnasikia mara nyingi hesabu hizo. Mimi nataka mtazame ramani ya watu waliohusishwa. Mmoja alitoka Komoro, akaja kuuawa Mogadishu mwaka 2011. Mwingine, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Mwingine tena alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akiwa anaishi huko kwa jina la kujipa. Wale watu waliishi kwa ushirikiano wa kikanda miaka kabla serikali zetu hazijaanza kuuzungumza. Nyumba wamepanga nchi moja, gari wamenunua nyingine, hela zinatoka ya tatu. Sisi tulikuwa na polisi wa Kenya na polisi wa Tanzania, kila mmoja na faili lake kabatini.

Mwaka huohuo wa 1998 ndipo wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki walipounda chombo chao cha kushirikiana, EAPCCO, ambacho ofisi yake iko Nairobi pamoja na ya Interpol ya kanda. Baadaye vikaja vingine. Mkutano wa nchi za Maziwa Makuu ulianzia kwenye Azimio la Dar es Salaam la 2004, na sekretarieti yake iko Bujumbura, hapo tu juu ya ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikasaini itifaki ya amani na usalama mwaka 2013. Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, wameweka kituo chao cha kikanda cha kupambana na ugaidi Dar es Salaam tangu 2022. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba hakuna ushirikiano, mwambieni upo, na una ofisi. Tatizo haliko kwenye kukosa ofisi.

Tatizo nitawaeleza kwa kisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa kijana, nimeajiriwa juzijuzi, kazi yangu kuandika. Nahodha mmoja wa boti la mbao alikuja asubuhi kwenye ofisi fulani, ambayo sitaitaja. Alikuwa ametoka ng'ambo usiku ule. Akasema juzi alibeba abiria aliyemtia mashaka. Abiria yule hakupatana nauli, alitoa hela iliyotajwa bila kuuliza. Hakuwa na mzigo zaidi ya begi dogo la mgongoni, wakati kila mtu mwingine kwenye boti ana gunia la chumvi au katoni za sabuni. Alipoombwa jina liandikwe kwenye daftari la abiria alisema, "Andika lolote." Na katikati ya maji alimuuliza nahodha swali moja mara mbili: ni ufuo gani ng'ambo kule ambao hauna askari?

Ndugu zangu, hiyo ndiyo taarifa ya usalama. Hakuna mtambo ulioiona, hakuna setilaiti. Ameiona mtu aliyevuka ziwa hili mara elfu na anayejua abiria wa kawaida anafananaje.

Kilichofuata ni hiki. Nahodha aliulizwa, "Wewe umejuaje kwamba ni mtu mbaya? Si ndiye uliyembeba?" Akawekwa ndani siku mbili. Boti likafungwa kamba mwaloni siku 11, injini ikachukuliwa kuwa kielelezo. Akina mama waliokuwa na mizigo humo walikuja kila asubuhi kuuliza, wanasimama pale kwenye mchanga na kanga zao mabegani, wanaambiwa warudi kesho. Injini iliporudi haikuwaka tena. Aliyeandika maelezo yake ni mimi. Niliandika kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari, na sikusema neno.

Na ile taarifa yenyewe? Sura ya abiria, mavazi, ufuo alikoshukia? Iliandikwa barua. Barua ikaenda mkoani, ikapanda treni kwenda Dar es Salaam, ili kutoka Dar ipelekwe kunakohusika, ili kutoka huko iende Kinshasa, na kutoka Kinshasa ishuke mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Yule mtu alikuwa ameshakanyaga nchi kavu upande wa pili kabla barua haijafika Tabora.

Tangu siku ile, kwa miaka, hakuna nahodha aliyeleta neno ofisini pale. Wakituona wanatuamkia vizuri, wanatuletea migebuka, wanatuuliza habari za nyumbani. Lakini habari za ziwa hawasemi.

Nimekaa sana na kisa hiki kwa sababu nimekiona tena, kikubwa zaidi, mahali pengine. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi, watoto wa umri wa hawa waliokaa mbele yangu. Mmoja wa walioua alikuwa Mkenya aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu wa serikali kule Mandera, na baba yule alikuwa ameshatoa taarifa kwa wenye mamlaka kwamba mwanawe amepotea, naye anahofia amekwenda Somalia. Mzazi alisema. Fikirieni uzito wa mzazi kwenda kumsema mwanawe. Katika kesi iliyofuata, kijana Mtanzania naye alihukumiwa, mwaka 2019, kifungo cha maisha. Kwa hiyo msiba wa Garissa una nyumba huku kwetu pia, nyumba ambayo mama alikuwa anauliza mwanangu yuko wapi.

Kusini ni vivyo hivyo. Cabo Delgado, Msumbiji, mashambulizi yalianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia. Lakini kabla ya hapo, miaka kabla, viongozi wa misikiti ya huko walikuwa wameshaiambia serikali kwamba kuna kikundi cha vijana kimejitenga, kinakataza watoto shule, kinapigana na mashehe wao wenyewe. Hawakusikilizwa inavyotakiwa. Agosti 2020 kikundi kile kikaikamata bandari ya Mocímboa. Oktoba mwaka huohuo kikavuka mto Ruvuma, kikaingia Kitaya, mkoani Mtwara, kikaua watu na kuchoma nyumba. Machi 2021 kikashambulia Palma, na mradi mkubwa wa gesi ukasimama. Ndipo Julai 2021 majeshi ya Rwanda yakaenda, kisha ya SADC, Tanzania ikiwamo, na miji ile ikarudishwa. Nawapongeza askari wale, walifanya kazi ya kweli. Ila hesabu miaka kutoka onyo la mashehe mpaka buti la kwanza la jirani, uone watu wangapi wamezikwa katikati.

Sasa mtu wa Kigoma atasema, mama, Mtwara ni mbali, Somalia ni mbali zaidi. Basi nije karibu. Kundi la ADF lilianza Uganda miaka ya 1990, likaukimbia mkono wa serikali kwa kuvuka milima ya Rwenzori na kujichimbia Beni, mashariki mwa Congo. Tangu 2019 linajitangaza kuwa sehemu ya kundi la Dola la Kiislamu. Mnaikumbuka Desemba 2017? Tarehe 7 jioni, kambi ya walinda amani ya Semuliki, wilaya ya Beni, ilivamiwa. Waliokuwa pale ni askari wetu, Watanzania. Wasiopungua 14 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alisema hilo ndilo shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Majeneza yalirudi yamefunikwa bendera. Kuna watu humu ukumbini wanaojua nyumba walikofikia.

ADF hao hao, Juni 2023, walivuka kurudi Uganda wakaingia shule ya sekondari Mpondwe usiku, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wengine wakiwa wamelala bwenini. Julai 2025 waliua waumini zaidi ya 30 kwenye ibada ya usiku Komanda, Ituri. Na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimetaja vijana wa nchi jirani waliosombwa kupelekwa kwenye kundi hilo, Tanzania ikitajwa humo. Wanapitia wapi? Hawapiti angani.

Nataka niseme pia palipokwenda vizuri, kwa sababu nimechoka kusikia mihadhara inayolia tu. Kiongozi wa miaka mingi wa ADF, Jamil Mukulu, alikamatwa hapa nchini kwetu mwaka 2015. Uganda ilimtaka. Wapo waliosema atupwe tu garini usiku avushwe, nani atamlilia? Haikuwa hivyo. Suala lake lilipelekwa mahakamani Dar es Salaam, likasikilizwa, na Julai mwaka uleule akakabidhiwa Uganda kwa amri ya mahakama. Linganisheni na yaliyofuata mabomu ya Kampala ya Julai 2010, yaliyoua watu zaidi ya 70 waliokuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia. Baadhi ya washukiwa walichukuliwa Kenya wakavushwa mpaka bila utaratibu wa mahakama. Wakalalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kesi ikasimama miaka kadhaa. Hukumu ikatoka 2016. Waliofiwa Kampala wakangoja karibu miaka sita. Njia ya mkato ndiyo iliyowachelewesha. Wanafunzi wa sheria, hilo ninawaachia ninyi mlitafute kwa undani, lina mafunzo mengi.

Na kuna mfano wetu wenyewe wa ziwani, ambao sijasikia mtu akiutumia kwenye mambo haya. Mwaka 2024 tulifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne. Najua maumivu yake. Najua watoto waliokula ugali kwa mlenda miezi mitatu, na sokoni dagaa wakawa wa kutazamwa. Lakini tazameni jambo lenyewe. Samaki hajui mpaka. Ukifunga Kigoma peke yake huku Uvira, Congo, wanavua, umejitesa bure. Kwa hiyo nchi nne, zenye lugha za serikali tofauti na sheria tofauti, zilikaa zikakubaliana tarehe moja. Na waliosimamia mwaloni ni nani? Ni ninyi, vikundi vyenu vya kusimamia mialo, BMU, mnaojuana kwa majina, mnaojua boti la nani limetoka usiku. Kama tumeweza kukubaliana juu ya dagaa, tunashindwaje kukubaliana juu ya abiria asiyetaka jina lake liandikwe?

Ninachokililia ni hicho. Vikao vya ujirani mwema kati ya mkoa wetu na wenzetu wa Burundi vipo, nimehudhuria vingi. Wakuu wanakaa mbele, wanapeana zawadi, wanapiga picha, taarifa inasomwa. Vina faida, sivibezi. Lakini sijaona kikao ambacho nahodha wa Kibirizi amekaa meza moja na nahodha wa Rumonge, mtendaji wa kijiji cha Kagunga na chifu wa kijiji cha upande wa pili, askari wa doria wa hapa na wa Kalemie, wakabadilishana namba za simu. Siku hizi simu iko mfukoni. Ile barua iliyopanda treni leo ni ujumbe wa sekunde tatu. Kinachokosekana ni ruhusa. Ofisa wa mpakani akimpigia mwenzake wa ng'ambo moja kwa moja anaogopa kuulizwa, "Nani kakutuma kuzungumza na serikali ya nje?" Wakubwa mliopo, tafadhalini, mpeni ruhusa hiyo kwa maandishi, na mipaka yake iandikwe.

Tena msidhani wanakijiji hawawezi. Mei 2015 nilikuwa Kagunga. Warundi wanakimbia nchi yao, makumi ya maelfu wamejazana kwenye kile kipande chembamba cha ufuo, nyuma mlima, mbele maji, kipindupindu kimeingia, meli ya Liemba inawabeba kidogo kidogo kuwaleta Kigoma. Tukaulizwa kutoka juu: mna uhakika hakuna wenye silaha waliojichanganya humo? Tulikuwa wachache, na vitabu vya kuandikia vimelowa. Mzee mmoja wa Kirundi, mgonjwa, amejifunika shuka, akatuambia kwa Kiswahili cha kuungaunga: wapangeni watu kwa milima yao. Burundi mlima ni kama kijiji kwetu, kila mtu ana mlima wake. Tukawapanga. Kila kundi likatoa mzee wake, na kila mzee akasema, huyu wa kwetu, huyu wa kwetu, yule pale hatumjui. Saa chache tulikuwa na majina machache ya kuulizia. Wakimbizi wenyewe ndio waliotulinda. Kila ninaposikia mtu akisema kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ni pango la magaidi namkumbuka mzee yule, na roho inaniuma.

Juu ya fedha nitapita haraka. Ugaidi hauhitaji mabilioni. Unahitaji nauli, chumba cha kupanga, simu. Hela ndogo ndogo zinazopita kwa wakala, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha bibi asiyejua hata kusoma. Tanzania iliwekwa Oktoba 2022 kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu, ikaondolewa Juni 2025 baada ya kazi kubwa. Mawakala mliopo: msimsajilie mtu laini kwa kidole cha mwingine. Shilingi elfu mbili haifai kwa hilo.

Na wakubwa wa nchi nao wasikie. Mwaka 2022 jeshi la Afrika Mashariki lilikwenda mashariki mwa Congo, mwaka mmoja baadaye likaondoka. Likaja la SADC, nalo Machi 2025 likaambiwa lirudi, baada ya Goma na Bukavu kutekwa na waasi wa M23. Februari 2025 marais wa jumuiya zote mbili walikutana Dar es Salaam kwa pamoja. Wakati majirani wakitiliana shaka, nani anamfadhili nani, nani kaingiza askari kwa nani, ADF waliendelea kuua wakulima kwa mapanga mashambani Beni. Operesheni ya Uganda na Congo dhidi yao imekuwapo tangu Novemba 2021, imevunja kambi zao, nao wametawanyika na kuingia misitu mingine. Majirani wasioaminiana wanamwachia gaidi uchochoro kati ya nyumba zao, na yeye hahitaji zaidi ya uchochoro.

Wazazi nao nina neno nao. Kijana akiambiwa kuna kazi nzuri migodini ng'ambo, nauli imelipwa, simu anunuliwe huko huko, muulizeni ni nani analipa na kwa nini. Akipotea, semeni. Najua mnaogopa kwamba mkisema atakayekamatwa ni ninyi. Ndiyo maana naiomba serikali itengeneze mlango ambao mzazi anaweza kuupita bila kutoka na pingu, na kijana aliyerudi mwenyewe kabla hajamwaga damu aweze kuupita pia. Uganda ilitunga sheria ya msamaha mwaka 2000, ikawarudisha maelfu kutoka porini. Kenya baada ya Garissa iliwatangazia msamaha waliokuwa tayari kurudi. Kasoro zipo kote, lakini walithubutu.

Namalizia kwa nahodha wangu. Wiki iliyopita nilikwenda Ujiji kumwona. Ni mzee sasa, hana boti, macho yanamsumbua. Nilimwomba radhi. Hakunijibu juu ya hilo. Alimwita mjukuu alete chai, tukanywa. Kisha akaniuliza, "Yule abiria, walimpata?"

Sikuwa na jibu. Miaka zaidi ya 20, hakuna mtu aliyewahi kurudi kumwambia taarifa yake ilifika wapi, wala mimi niliyeiandika sikuambiwa. Nikamwambia, "Mzee, sijui." Akatikisa kichwa, akasema angependa kujua kabla hajafa.

Nimeandika barua kuuliza, nimeipeleka wiki hii kwa mkono wangu. Hicho ndicho nilichokuja nacho. Sasa kipaza sauti kipite, na naomba aanze mtu wa mwaloni.